Je, Wajua? Baiti 8 Zilizogeuka 32

Je, wajua kwamba programu mbili zinaweza kuandikwa kwa lugha moja, bila kosa hata la nukta, na bado zikikutana zikaangushana? Mwaka 2015 kompaila ya GCC, chombo kinachogeuza maandishi ya programu kuwa amri za mashine, ilifikia toleo la 5, na humo ikabadili umbo la stringi, yaani kifaa kinachobeba maandishi katika lugha ya C++. Kwenye mashine za biti 64, stringi ya zamani ilikuwa na baiti 8 tu, ambazo ni anwani ya mahali maandishi yalipohifadhiwa. Mpya ina 32: nane za anwani, nane za urefu, na 16 za chumba cha ndani kinachotosha herufi 15 na sifuri ya kufungia, hivyo neno kama “samaki” hukaa humo humo bila kuomba memori nyingine. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kujifurahisha. Kanuni za C++ za mwaka 2011 zilikuwa zimefunga njia ya zamani ya nakala kadhaa kuchangia maandishi yale yale.

Aliyeandika programu hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa katika maandishi yake stringi ilibaki stringi. Lakini programu ikishapita kwenye kompaila, majina hayo hugeuka vipimo: anza hapa, ruka baiti nane, soma. Ndiyo maana wa kwanza kuumia ni programu jalizi, ile inayotengenezwa na mtu mwingine, siku nyingine, kisha ikachomekwa kwenye programu mwenyeji ikiwa tayari imepikwa. Pishi ni vibaba vinne, na hapa kweli mmoja anapima kwa kibaba na mwenzake kwa pishi. Mwenyeji mpya akipewa stringi ya zamani, baiti nane za kwanza humpa anwani sahihi kabisa. Nane zinazofuata anazisoma kama urefu, kumbe ni mali ya kitu kingine kilicho jirani. Huenda akaanguka papo hapo. Huenda pia akaendelea na kazi huku akiharibu data kimyakimya, na hilo ndilo baya zaidi.

Kwa hiyo naona utangamano mwema huanzia kwenye kukataa mlangoni. GCC iliweka stringi zote mbili ndani ya faili moja la maktaba, libstdc++.so.6, na majina ya ndani ya ile mpya yakapewa alama ya cxx11. Programu jalizi ya zamani ikidai kazi ambayo mwenyeji anayo kwa umbo jipya tu, huambiwa jina halipo. Kinga hiyo ina tundu, kwani stringi iliyofichwa ndani ya muundo mwingine inaweza kupita bila jina la muundo huo kubadilika. Lugha ya Python ilikwenda mbali zaidi tangu toleo la 3.2 la mwaka 2011: lebo ya toleo huwekwa kwenye jina la faili la programu jalizi, hivyo Python 3.12 hailitazami kabisa faili lenye cpython-311.

Kwa nini basi vipimo visigandishwe milele? Python inaruhusu hilo kwa sehemu, kupitia lebo ya abi3: programu jalizi haigusi matumbo ya kitu, bali huomba kila jambo kupitia kazi maalumu, na faili moja hutumika na matoleo mengi. Gharama yake ni kasi kidogo. Watu wa kernel ya Linux, kiini cha mfumo huo, wanashika upande wa pili: hawaahidi moduli, yaani programu jalizi za kernel, kitu. Moduli hubeba maandishi yaitwayo vermagic, na yasipolingana na ya kernel hukataliwa. Watajibu kwamba moduli iliyomo ndani ya kernel hurekebishwa na yule yule anayebadili kiolesura, na iliyo nje inaweza kukompailiwa upya. Sawa, ila jibu hilo linamfaa mwenye msimbo. Aliyebaki na faili lililopikwa, na mtengenezaji wake kafunga duka, halimsaidii. Kwa ajili yake mlango wa kugandisha uwe mwembamba: kazi za C, namba na anwani, bila stringi kuvuka. Windows ina desturi ya zamani inayofaa hapa. Miundo yake mingi huanza na namba moja, ukubwa wa muundo wenyewe kwa baiti, ijazwe na anayeleta. Mwenyeji huisoma kwanza, akajua ni baiti ya ngapi asiyopaswa kuivuka.