Malengelenge Yaliyotanguliwa na Usahaulifu

Juni 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano ya dupilumab, iliyozoeleka kwa pumu na ukurutu, itumike pia kutibu pemfigoidi ya malengelenge. Huu ni ugonjwa wa wazee, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 70. Kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia ngozi, ngozi huwasha hadi usingizi ukakatika, kisha hutokea malengelenge makubwa yaliyojaa maji. Habari zilizungumzia ngozi tu. Lakini madaktari wanaowahudumia wagonjwa hawa wamezoea kukuta mengine kwenye mafaili yao: kiharusi, Parkinson na, mara nyingi mno, dimenshia.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wenye pemfigoidi na wasio nayo, na dimenshia ikaonekana kuwaandama wagonjwa kwa zaidi ya mara tatu. Ni rahisi kudhani kwamba ngozi, pamoja na dawa zake kali, ndiyo inayoichosha akili. Kumbe kwa wengi ni kinyume: akili huanza kufifia, malengelenge yakafuata miaka kadhaa baadaye.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuanzia kwa panya. Mwaka 1963 watafiti wa Uingereza walieleza kuhusu panya wenye kasoro ya kurithi: muda mfupi baada ya kuzaliwa miguu hujipinda, mwili hujinyonganyonga, kutembea kukawashinda. Neva zao za hisia zilikuwa zinakufa. Jeni iliyohusika haikujulikana kwa miaka 30 na ushei.

Huko Chicago, maabara ya Elaine Fuchs ilikuwa ikichunguza ngozi. Ilizima kwa panya jeni ya BP230, protini inayofunga nyuzi za ndani ya seli ya ngozi kwenye nanga za upande wake wa chini. Protini hiyo ni mojawapo ya shabaha mbili za kingamwili za pemfigoidi. Ngozi dhaifu ilitarajiwa, na kweli ikapatikana. Ila panya wale wakaanza kujipinda, vilevile kama wale wa 1963! Mwaka huohuo, 1995, kundi la Kanada nalo likaonyesha kwamba jeni ni ileile.

Jeni hiyo ni kama kiolezo cha fundi wa kanzu. Tarizi ya shingoni ni moja. Kinachobadilika ni urefu. Seli ya ngozi hukata kanzu fupi, seli ya neva hukata ndefu, na misuli ina mkato wake. Kinga haitazami urefu, husoma tarizi. Maadamu ubongo umekaa nyuma ya kizuizi kinachoutenga na damu, kanzu ndefu haionekani barabarani. Kiharusi kikikipasua kizuizi hicho, au seli za neva zikifa moja moja kwa Alzheimer, vipande vya kitambaa humwagika kwenye damu. Kinga huviona kwa mara ya kwanza, huvihesabu kuwa vya mgeni, huikariri tarizi. Siku moja huikuta tarizi hiyo pajani.

Ndivyo wanavyofikiri watafiti wengi. Shabaha ya pili, BP180, nayo imeonekana kwenye seli za ubongo, na nchini Finland kingamwili dhidi yake zilikutwa kwa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer wasio na lengelenge hata moja. Hata hivyo, wapo wenye pemfigoidi ambao akili zao hubaki timamu.

Muwasho huweza kutangulia malengelenge kwa wiki au miezi. Mzee mwenye dimenshia huenda asiseme anawashwa. Atajikuna usiku kucha, atavuta nguo, atafoka akiogeshwa, na wa nyumbani watasema dimenshia imezidi. Hapo mgonjwa huteseka bure, kwa sababu kipande kidogo cha ngozi, kikipakwa rangi inayong'aa, huonyesha chini ya hadubini mstari wa kingamwili.

Tiba nayo yataka uangalifu, maana vidonge vya steroidi huweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa. Mwaka 2002, Pascal Joly na wenzake nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 341: kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeenea sana, waliopakwa krimu ya steroidi iitwayo clobetasol walinusurika zaidi kuliko waliomeza vidonge vya prednisone. Krimu hiyo ni gramu 40 kwa siku, mwili mzima, na lazima awepo mtu wa kumpaka mgonjwa ambaye pengine hakumbuki kama jana alipakwa.