Mbung'o Hajui Mpaka wa Nchi

Mwalimu anayefundisha Nangina hahitaji ramani kubwa ili awaonyeshe wanafunzi wake nchi jirani. Mto Sio u karibu nasi, na katika sehemu zake za chini ndio mpaka wenyewe: ukingo huu Kenya, ukingo ule Uganda. Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wachore mto huo pamoja na vichaka wanamokaa mbung'o. Msichana mmoja alivichora vizuri sana, ila vya ukingo wa Kenya peke yake. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, ng'ambo ile si yetu."

Jibu hilo limenikaa moyoni, maana ndilo kosa ambalo hata serikali zimepata kulifanya.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, hasa Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria. Baadaye nchi za Afrika Mashariki zilitambua kuwa adui yao ni mmoja, zikawa na taasisi moja ya utafiti huko Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, umoja huo nao ulivunjika, na Kenya ikaunda taasisi yake, KETRI. Ajabu ya mambo ni kwamba mwaka mmoja kabla, 1976, malale yalikuwa yamezuka upya Busoga. Yalienea hadi Tororo, kisha yakaingia Busia yetu. Wataalamu waligawanyika wakati ule ule ambapo mbung'o walikuwa wakivuka.

Namkumbuka jirani yetu mmoja wa miaka hiyo, mchunga ng'ombe. Alishikwa na homa na kuumwa kichwa, akatibiwa malaria mara tatu katika zahanati moja. Kisha akawa anasinzia mchana na kukesha usiku, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Alipofikishwa Alupe, kulikokuwa na hospitali ya malale, ugonjwa ulikwisha kuingia ubongoni. Dawa ya hatua hiyo ilikuwa na asili ya zarniki, nayo yenyewe iliweza kumwua mgonjwa. Alipona, lakini wengine hawakubahatika.

Leo tuna sababu ya kushukuru. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji wa Kenya aligunduliwa mwaka 2009, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tatizo tena la afya ya umma nchini. Hata dawa ya kumeza imepatikana.

Wako watakaosema kwamba basi kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Malale ya kwetu huishi pia katika damu ya ng'ombe, ambaye aweza kubeba vimelea hivyo bila kuonyesha dalili yoyote. Huko Soroti, Uganda, ugonjwa ulizuka mwishoni mwa mwaka 1998 mahali ambapo haukuwapo, na watafiti waliufuata hadi kwenye mnada wa mifugo ulioletewa ng'ombe kutoka maeneo yenye ugonjwa. Msomaji, hebu jiulize ni ng'ombe wangapi wanaovuka mpaka wetu, kwa njia halali na kwa njia za panya.

Silaha tunazo, wala si ghali kupita kiasi. Mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo akiuawa kwa wingi hawezi kujaza pengo upesi. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi humvuta. Ng'ombe akinyunyiziwa dawa miguuni na tumboni, mbung'o anayemwuma hufa. Lakini ukinyunyiza Busia ya Kenya mwezi huu, na Busia ya Uganda ikanyunyiza baada ya mwaka, umefagia nusu ya ua, na upepo utarudisha taka.

Kwa hiyo naziomba kaunti yetu na wilaya za ng'ambo zitege na kunyunyiza siku zile zile, na ng'ombe watibiwe kabla ya kufikishwa mnadani. Habari ya mgonjwa mmoja Namayingo au Tororo ifike zahanati za Samia siku hiyo hiyo, ili mganga akiona homa isiyosikia dawa ya malaria, akumbuke kupima damu kwa ajili ya malale. Ugonjwa uliosahauliwa na waganga huua kwa urahisi kuliko unaoogopwa.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Nilimrudishia yule msichana karatasi yake nikamwomba aendelee na mchoro hadi ukingo wa pili. Aliichukua, akachora vichaka, akaongeza ng'ombe akinywa maji. Sasa ramani yake imekamilika. Ya wakubwa bado.