Bahari haijageuka asidi, ila uasidi wake unapanda

Mwanafunzi mmoja wa uzamili anayesomea kemia ya bahari aliniletea bango nimsahihishie Kiswahili. Alikusudia kulibandika penye banda la wavuvi huko Pwani, pale samaki wanapopimwa na kuuzwa. Juu kabisa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: BAHARI YETU IMEGEUKA ASIDI. Akaniambia, “Prof, nilimsomea mzee mmoja mvuvi, akaniuliza kama ni ile asidi ya betri ya gari. Akataka kujua iwapo wajukuu wake waache kuogelea.”

Nilicheka, kisha nikaacha. Mzee huyo aliielewa sentensi barabara. Sentensi ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Kitenzi “geuka” hakina nusu. Maji yakigeuka barafu, si maji tena. Kwa hivyo ukisema bahari imegeuka asidi, umesema kwamba imevuka mpaka, na mpaka huo hata haijaukaribia. Wanakemia hutumia kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen (naam, ile ya kiwanda cha bia). Kwa kawaida, 7 ndiyo katikati. Chini ya hapo ni upande wa asidi, kama ndimu na siki. Juu yake ni upande wa alkali, kama magadi na sabuni. Maji ya juujuu ya bahari yana wastani wa karibu 8.1. Kabla ya enzi ya viwanda yalikuwa karibu 8.2. Hata makadirio mabaya zaidi ya mwisho wa karne hii hayaushushi wastani huo chini ya 7.

Je, basi hakuna tatizo? Lipo, na limefichwa na hesabu yenyewe. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa logi: hatua moja nzima ni mara kumi. Kushuka kwa 0.1 tu kunamaanisha kwamba ayoni za haidrojeni, ambazo ndizo chanzo cha uasidi, zimeongezeka kwa takriban asilimia 26. Ndiyo maana utasoma gazeti moja likidai uasidi umepanda kwa robo na jingine likisema pH imeshuka kidogo sana, na yote mawili yawe sahihi.

Chanzo ni kaboni dayoksaidi, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita hewa ukaa. Takriban robo ya ile tunayoitoa kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu humezwa na bahari. Ikiingia majini huungana nayo na kutoa ayoni za haidrojeni, kisha nyingi ya ayoni hizo hudakwa na kabonati iliyomo baharini na kuigeuza baikabonati. Hapo ndipo penye hasara. Kabonati hiyo ndiyo chaza, kombe na matumbawe huitumia pamoja na kalsiamu kujengea makoa na mifupa yao. Bahari haiwachomi viumbe hawa. Inawapunguzia saruji.

Sasa turudi kwa bango. Chini ya kichwa kile mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba pH ya mahali hapo ilikuwa imeshuka kutoka 8.3 hadi 7.9 “katika muda wa wiki moja”. Nilimuuliza alipima saa ngapi. Kumbe kipimo cha kwanza alikichukua alasiri na cha pili alfajiri, pale pale kwenye nyasi za bahari! Mchana nyasi hufyonza kaboni dayoksaidi kwa msaada wa jua, pH ikapanda. Usiku nyasi na wanyama hupumua, gesi ikarudi majini, pH ikashuka. Alichokipima ni pumzi ya nyasi. Mabadiliko ya bahari kuu ni takriban 0.002 kwa mwaka.

Tafakari ukubwa wa tarakimu hiyo. Kifaa cha mkononi cha bei nafuu, chenye kijiti cha kioo, chaweza kukosea kwa 0.02 na zaidi, hasa kikirekebishwa kwa vimiminiko visivyo na chumvi ya bahari. Kosa hilo ni sawa na miaka kumi ya mabadiliko. Mtandao wa kimataifa wa wachunguzi wa uasidi wa bahari, GOA-ON, umeweka viwango viwili vya usahihi: 0.02 kwa anayechunguza mabadiliko ya muda mfupi au ya mahali kwa mahali, na 0.003 kwa anayetafuta mwelekeo wa miongo. Cha kwanza wanakiita cha hali ya hewa na cha pili cha tabianchi. Wasomaji wa ukurasa huu wanajua nimelalamika mara ngapi kuhusu watu wanaoyachanganya maneno hayo mawili. Leo nimepata tarakimu za kunitetea.

Ili kuufikia usahihi wa tabianchi, wataalamu huachana na kijiti na kutumia rangi. Hutia majini rangi maalumu ya zambarau ambayo hubadilika kulingana na pH, kisha hupitisha mwanga na kupima kiasi kinachofyonzwa katika mawimbi mawili tofauti.

Lakini pH peke yake haitoshi. Viko vipimo vinne vya kaboni baharini: pH yenyewe, shinikizo la kaboni dayoksaidi, jumla ya kaboni iliyoyeyuka na, cha nne, kile Waingereza hukiita kwa neno lililotokana na Kiarabu, alkali. Ukijua viwili kati ya hivyo, pamoja na joto na chumvi ya maji, utakokotoa vilivyosalia, kama vile ukijua pesa ulizolipa na bei ya kilo utakavyojua umenunua kilo ngapi. Ila si jozi zote zifaazo. pH na shinikizo la gesi hutembea pamoja kiasi kwamba kuvitegemea hivyo viwili ni kama kuwahoji mapacha waliopanga jibu.

Vipimo hivi viwili vya mwisho vinaweza kueleweka jikoni. Kamulia ndimu juu ya magadi yale tunayotilia mrenda au githeri. Yatatoa povu. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi iliyofukuzwa na asidi. Mwanakemia akitaka jumla ya kaboni, hufanya vivyo hivyo: hutia asidi katika maji ya bahari, huifukuza gesi yote na kuipima. Akitaka kile cha nne, hudondosha asidi tone kwa tone na kuhesabu kiasi ambacho maji yaliweza kukihimili kabla ya kusalimu amri.

Kazi yenyewe ya kuteka maji ina adabu zake. Mpira hufikishwa chini ya chupa ya kioo, maji yakaachwa yafurike ili hewa isichanganyike. Povu hata moja haliruhusiwi. Kisha hutiwa kiasi kidogo cha kloridi ya zebaki, ambayo ni sumu kali, kuua vijidudu vilivyomo, maana vikiachwa hai vitaendelea kupumua humo chupani na kuharibu hesabu. Kifuniko hupakwa grisi na kubanwa.

Na vipi maabara ya Mombasa itajua kwamba tarakimu zake zinalingana na za Bermuda? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Andrew Dickson katika taasisi ya Scripps, California, imekuwa ikitengeneza chupa za maji ya bahari ambayo vipimo vyake vimethibitishwa, na kuzisambaza duniani. Unapima chupa hiyo kwanza. Usipopata jibu lililoandikwa, mtambo wako una hitilafu. Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili. Mwaka 1928 waliketi Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wenyeji wa Kimvita hawajawasamehe hadi leo. Wanakemia angalau hawakugombania chupa.

Umuhimu wa umakinifu huu ulidhihirika Oregon, Marekani. Mwaka 2007 na 2008, kiwanda cha kuzalisha vichanga vya chaza cha Whiskey Creek kilishuhudia vichanga vikifa kwa mamilioni. Walishuku bakteria kwanza. Walipopima kaboni ya maji wakagundua kwamba upepo ulikuwa ukiyapandisha maji ya kilindini yenye kaboni dayoksaidi nyingi hadi ufuoni, na vichanga vilishindwa kujenga koa katika siku zao za mwanzo. Dawa waliyoipata? Kuyapima maji kila mara, kuyavuta alasiri badala ya asubuhi, na kuyatia kabonati ya sodiamu. Yaani magadi!

Kwa hivyo tuliandikeje bango? Pendekezo la kwanza la mwanafunzi lilikuwa “bahari inachacha”, kwa kuwa chakula kikichacha huwa kikali. Ni neno tamu, lakini bahari ikichacha, baharia huelewa kwamba mawimbi yamekuwa makali, na atabaki nyumbani bure. Nilimpendekezea “uasidi”. Kiambishi u- hapa hutupa sifa yenye viwango. Mtoto wa darasa la kwanza ni mfupi, na bado ana urefu, na urefu wake unaongezeka kila mwaka bila mtu kudai amegeuka mrefu. Vivyo hivyo maji yaliyo upande wa alkali yana uasidi, nao unaweza kupanda. Bango sasa linasema: UASIDI WA MAJI YA BAHARI UNAONGEZEKA, na chini yake: Si hatari kwa kuogelea. Ni hatari kwa chaza na matumbawe. Tarakimu za wiki moja tumeziondoa.

Tumekwama kwenye kipimo cha nne. Mimi nilitaka “umagadi”, maana uwezo wa maji kuituliza asidi ndio huo huo tunaoujua jikoni, na jina la ziwa letu la Magadi lingetusaidia. Yeye anasema wavuvi watadhani mtu anamwaga magadi baharini, na kwamba “alkali” limeshazoeleka shuleni. Nikamjibu kwamba “alkali” ni kitu, na kinachopimwa si kitu bali uwezo. Ameahidi kumuuliza yule mzee wa betri.