Mkono Utetemekapo: Woga wa Mashindano na Jinsi ya Kuutawala

Mmojawapo wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta ulikuwa mchezo wa kufyatuliana risasi. Uliitwa Spacewar!, nao ulitungwa mwaka 1962 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Watu wawili walishindana mbele ya mashine moja iliyokuwa kubwa kama makabati kadhaa yaliyopangwa pamoja. Leo michezo ya namna hiyo imo katika simu ya mkononi. PUBG Mobile, uliotolewa mwaka 2018, na Call of Duty: Mobile, uliotolewa mwaka 2019, huwakutanisha kwa njia ya intaneti watu wasiojuana wala kuonana. Kijana wa Kata ya Msamala, katika Manispaa ya Songea, aweza kushindana jioni na vijana wa miji ya mbali bila kuondoka barazani kwao.

Katika michezo hii kuna jambo moja linalowatatiza wachezaji wengi. Mchezaji ambaye hulenga shabaha vizuri akiwa mazoezini, huanza kutetemeka mara aingiapo katika mchezo wa madaraja, yaani ule ambao kila ushindi humwongezea alama na kila kushindwa humpunguzia. Moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho, na macho huikosa shabaha iliyo karibu. Wengine huacha kabisa kuingia mashindanoni, si kwa kukosa ustadi bali kwa woga. Mtu mzima aweza kulicheka jambo hili, kwa kuwa hakuna risasi ya kweli wala mtu anayeumia. Lakini mwalimu hana budi kulitazama kwa makini, kwa sababu kijana huyo ndiye atakayeingia katika chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne, akiwa na moyo ule ule na viganja vile vile.

MWILI HAUPAMBANUI

Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, ini hutoa sukari, mboni za macho hupanuka, na damu hupunguzwa katika ngozi na tumbo ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa. Matayarisho haya yanamfaa sana mtu aliyekutana na chui njiani. Tatizo ni kwamba mwili haupambanui baina ya chui, karatasi ya mtihani na alama za mchezo. Uonapo kwamba jambo lenye thamani limo hatarini, huitikia kwa namna ile ile.

Kwa anayelenga shabaha kwa kidole, matayarisho hayo yana gharama. Mkono wa kila mtu mwenye afya hutetemeka wakati wote, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila mtetemo huo ni mdogo mno hata hauonekani. Adrenalini huukuza. Kioo cha simu nacho hutambua kidole kwa badiliko dogo la umeme, na matone ya jasho huweza kukipotosha. Isitoshe, damu ipunguapo katika ngozi, vidole hupoa na kuwa vizito. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai huwa za baridi. Mchezaji aliyekwisha kupoa vidole kwa baridi huongezewa na ubaridi wa woga. Kupasha mikono joto kabla ya kuanza ni jambo dogo, lakini lina sababu ya kisayansi.

PANYA, MENDE NA KINU

Je, ingefaa basi kuuondoa woga wote? La. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kisanduku kimoja kati ya viwili, na kila panya aliyekosea alipigwa na umeme kidogo. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, umeme wa kadiri ndio uliofaa, na ule mkali uliwavuruga. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake walifanya jaribio la kuchekesha kwa mende. Mende waliokimbia katika njia iliyonyoka walikwenda kasi zaidi walipotazamwa na mende wenzao. Walipowekwa katika njia yenye kona na kutakiwa kuchagua upande, watazamaji hao hao waliwachelewesha.

Majaribio hayo mawili yanatupa fundisho moja. Msisimko wa mwili husaidia jambo lililokwisha kuzoeleka, na hudhuru jambo ambalo bado linahitaji kufikiriwa. Kwa hiyo swali la maana si jinsi ya kuua woga, bali ni jinsi ya kuufanya ustadi uwe wa mazoea hata woga ukija uukute umekwisha kukaa mwilini.

Woga hudhuru pia kwa kuyahamisha mawazo. Tuchukue mfano wa wanawake wawili wanaotwanga mahindi kwa kupokezana michi katika kinu kimoja. Hawahesabu wala hawaangalii mikono yao; mdundo wenyewe huwaongoza. Mmoja akianza kujiuliza mkono wake uinuke lini na ushuke lini, michi itagongana. Ndivyo ilivyo kwa mchezaji. Chini ya macho ya watu huanza kuchunguza kidole chake mwenyewe, hujiuliza wenzake watasema nini, na hukadiria alama atakazopoteza. Akili iliyopaswa kumtazama mpinzani sasa inajitazama yenyewe. Mwaka 1992 Richard Masters aliwafundisha watu kupiga mpira wa gofu kwa njia mbalimbali. Aligundua kwamba waliojifunza kwa kukariri kanuni nyingi waliyumba zaidi walipotiwa shinikizo kuliko wale ambao ustadi wao uliingia bila maelezo mengi.

HESABU YA KUSHINDWA

Sehemu ya woga hutokana na kutojua hesabu. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, alibuni kanuni ya kuwapanga wachezaji wa sataranji kwa alama, na shirikisho la dunia la mchezo huo likaikubali mwaka 1970. Michezo mingi ya intaneti hupanga madaraja kwa kanuni zinazofanana na hiyo. Kwa kanuni ya Elo, anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutazamiwa kupata asilimia 76 tu ya ushindi. Na mchezaji akipewa mpinzani aliye sawa naye, matumaini yake ni nusu kwa nusu.

Maana yake ni kwamba mchezaji aliyefika daraja linalomstahili hana budi kushindwa karibu nusu ya mara zote. Hiyo si aibu, bali ni dalili kwamba kipimo kinafanya kazi. Hata kushindwa mara tano mfululizo si ajabu: nusu ikizidishwa kwa nafsi yake mara tano ni 1/32, na mtu achezaye kila wiki atalikuta jambo hilo mara nyingi. Katika michezo ambayo watu 100 hushuka kisiwani na kupigana hadi abaki mmoja, kama wote wangekuwa na uwezo sawa, kila mmoja angeshinda mara 1 tu katika michezo 100. Anayedai ushindi kila siku anadai jambo ambalo hesabu haimruhusu kulipata.

NJIA ZA KUUTAWALA WOGA

Njia ya kwanza ni pumzi. Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mwendo, lakini aweza kuiamuru pumzi, na mambo haya mawili yameunganishwa na neva ya vagasi. Moyo huongeza kasi kidogo wakati wa kuvuta hewa na huipunguza wakati wa kuitoa. Kwa hiyo kuvuta hewa kwa sekunde 4 na kuitoa polepole kwa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika, humtuliza mtu baada ya dakika chache.

Njia ya pili ni kuuita woga kwa jina jingine. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana shauku, kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine, walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kuwa watulivu. Sababu yake haifichiki. Woga na shauku huudundisha moyo kwa namna moja, hivyo ni rahisi kugeuza maana ya mdundo kuliko kuuzima.

Njia ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kufanya mazoezi pamoja na woga wenyewe. Nchini Uholanzi Raôul Oudejans alieleza mwaka 2008 majaribio aliyoyafanya na askari polisi. Kundi moja lilijizoeza kufyatulia shabaha za karatasi ngumu. Kundi jingine lilijizoeza dhidi ya watu waliolijibu kwa risasi za sabuni ya rangi. Baadaye, walipopimwa katika hali ya shinikizo, kundi la kwanza lilizidi kukosa shabaha, ilhali la pili lilidumisha ustadi wake. Kwa mchezaji wa Msamala, hii ni kusema kwamba mazoezi ya peke yake hayatoshi. Acheze mbele ya wenzake, aweke sharti dogo lisilo la fedha, kama vile anayeshindwa kwenda kuchota maji, na auzoee mdundo wa moyo wake. Mwanafunzi naye asikutane na saa ya mtihani kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa.

Njia ya nne ni kushika mambo yaliyo katika uwezo wa mtu. Kasi ya mtandao, uwezo wa mpinzani na maneno ya watazamaji hayamo katika uwezo wake. Mahali pa kujificha, wakati wa kufyatua na pumzi yake vimo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho wa mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mbio zile zilikwenda kwa mwendo alioupanga Bayi mwenyewe, na waliokuwa nyuma yake ndio waliolazimika kuufuata.

DAWA SI NJIA

Wako wanaotafuta njia ya mkato. Ipo dawa ya ugonjwa wa moyo iitwayo propranololi, ambayo huizuia adrenalini na kupunguza mtetemo wa mkono. Kwa sababu hiyo imepigwa marufuku katika mashindano ya kulenga shabaha. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili baada ya dawa hiyo kupatikana mwilini mwake. Zaidi ya hayo ni hatari kwa mtu mwenye pumu, na haipasi kutumiwa bila amri ya daktari. Vinywaji vyenye kafeini nyingi navyo haviondoi woga. Huongeza mtetemo, na huuiba usingizi ambao ubongo huutumia kuimarisha yale uliyojifunza mchana.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuyathibitisha mengi ya haya kwa rula ya sentimita 30 na saa. Mwanafunzi mmoja aishike rula wima, alama ya sifuri ikiwa baina ya vidole vya mwenzake, kisha aiachie bila kumwonya. Umbali rula iliouanguka kabla ya kudakwa hutoa muda kwa kanuni t = √(2d/g). Ikidakwa kwenye sentimita 20, muda ni sekunde 0.20, kwenye sentimita 30, ni sekunde 0.25.

Kila mwanafunzi ajaribu mara 10 akiwa na mwenzake tu, mara 10 mbele ya darasa zima linalopiga makofi, na mara 10 mbele ya darasa hilo hilo baada ya kupumua polepole kwa dakika tatu. Mapigo ya moyo yahesabiwe kwa nusu dakika kabla ya kila awamu na kuzidishwa kwa mbili. Kisha wastani uandikwe ubaoni. Wako ambao watazamaji watawaharakisha, na wako ambao watawachelewesha. Wote waulizwe swali moja: wakati rula ilipoanguka, walikuwa wakiitazama rula, au walikuwa wakijitazama wenyewe?