Nafasi ya Mtoto Katika Dawati la Watu Watatu

Nafasi binafsi ni eneo lisiloonekana linalouzunguka mwili wa mtu, ambalo mwenyewe hulihesabu kuwa lake na hukereka linapoingiliwa bila ridhaa yake. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, aliugawa umbali baina ya watu katika ngazi nne: eneo la ndani kabisa, linaloishia takriban sentimita 45 kutoka mwilini na ambalo huachiwa wazazi, watoto na wapenzi, eneo la binafsi, linalofika takriban sentimita 120 na ambamo marafiki huzungumza, na baada ya hayo eneo la shughuli za kijamii na lile la hadhara. Hall mwenyewe alitahadharisha kwamba vipimo hivyo aliviona kwa baadhi ya Wamarekani, na kwamba kila utamaduni una vyake. Tahadhari hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia mafunzo yoyote ya jambo hili katika shule za Afrika Mashariki, kwa kuwa mtoto wa darasa la awali aliyeketi na wenzake wawili kwenye dawati moja hukaa ndani ya sentimita hizo 45 asubuhi nzima, apende asipende.

Msongamano huo una historia yake. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, Tanzania ikaanza kutekeleza elimu bila ada hadi sekondari mwaka 2016, na watoto wakafurika, jambo la heri kabisa, ila madawati na vyumba havikuongezeka kwa kasi ileile. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha watoto kuachiana umbali wa mkono mmoja anafundisha kanuni ambayo chumba chenyewe kinaikanusha. Kinachoweza kufundishwa, na ambacho kwa kweli kina uzito zaidi, ni ruhusa: kwamba mwili wa mwenzako una mwenyewe hata kama bega lake linagusana na lako, na kwamba mkono haunyooshwi kuelekea kwake, kwenye daftari lake wala kwenye nywele zake, kabla hajaulizwa.

Ni vema kufahamu kwa nini watoto wadogo husongana hata pale penye nafasi. Hisi inayomwezesha mtu kujua viungo vyake vilipo bila kuvitazama huwa bado inakomaa, na uwezo wa kujizuia nao bado mchanga, kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano anayemwangukia mwenziwe mkekani mara nyingi hana nia ya uchokozi. Umbali ambao watoto huuweka baina yao huongezeka kadiri wanavyokua, hadi kukaribia ule wa watu wazima karibu na umri wa kubalehe. Upande wa anayesongwa nao una maelezo yake ya kimwili. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza habari za mwanamke ambaye amigdala yake, yaani sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu, ilikuwa imeharibika pande zote mbili, wakaona kwamba hakukereka hata aliposogelewa pua kwa pua. Kwa watu wengine sehemu hiyo hulia yenyewe kama kengele, na kwa sababu hiyo mtoto anayelalamika kila mara kwamba mwenzake anamgusa hastahili kuambiwa anadeka.

Dawati lenyewe hufundisha mengi likitazamwa kwa makini. Watoto wengi huchora mstari wa chaki au wa kalamu katikati ya meza na kuuita mpaka, kisha ugomvi hulipuka kiwiko kinapouvuka. Mwalimu mwenye busara haufuti mstari huo kwa hasira, bali huwauliza wenyewe kiwiko kilivuka kwa nini, na mara nyingi jibu huwa kwamba anayeandika kwa mkono wa kushoto ameketishwa kulia kwa mwenzake, hivyo viwiko viwili vinagombana kila herufi inapoandikwa. Akihamishiwa ncha ya kushoto ya dawati, ugomvi uliodhaniwa kuwa wa tabia huisha siku hiyohiyo. Mstarini pia, watoto wanaponyoosha mikono kuelekea mabega ya walio mbele ili kujipanga, pana somo ambalo hupotea kwa sababu mikono hushushwa na safu husogea tena kuelekea sufuria ya uji. Mwalimu akiwasimamisha kidogo wakati huo na kuwataka watazame pengo lililobaki, watalielewa zaidi kwa macho na kwa miguu kuliko kwa maelezo.

Malezi ya pwani yana hazina kubwa katika jambo hili, ingawa vitabu vya mafunzo huitaja kwa nadra. Mtoto hufunzwa mapema kubisha hodi na kungoja aitikiwe, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka bila kinyongo. Katika familia za Kiislamu adabu hiyo ina msingi katika Sura ya An-Nur, ambayo inaagiza hata watoto ambao hawajabalehe waombe ruhusa kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Mtoto aliyekwisha kuzoea kubisha hodi mlangoni hahitaji nadharia ngeni ili aelewe kwamba na mwili una mlango wake.

Ugumu mkubwa uko kwa watu wazima. Mwalimu anayefundisha ruhusa asubuhi na kumvuta mtoto sikio mchana amelibatilisha somo lake mwenyewe, na mtoto huamini mkono kuliko maneno. Baadhi wanahofu kwamba mtoto akifunzwa kukataa kuguswa atakosa heshima kwa wakubwa, lakini hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa shikamoo hutamkwa kwa kinywa na hukamilika bila kukumbatiwa. Kweli zipo jamii, Wamaasai wakiwamo, ambazo mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse kwa salamu. Hapo mguso una mahali pake panapojulikana, hufanywa mbele ya watu, na mtoto ndiye anayeinama. Kinachopaswa kukataliwa ni mguso wa kificho na ule unaoambatana na agizo la kutosema nyumbani, na mtoto aambiwe waziwazi kwamba agizo hilo halitiiwi hata likitoka kwa ndugu au kwa mwalimu.

Wako pia watoto ambao mwili wao hupokea mguso kwa namna tofauti, wakiwamo baadhi ya wenye usonji: mmoja huruka akiguswa kidogo tu, mwingine hutafuta kubanwa na hujisukuma kwa wenzake mchana kutwa. Wa kwanza huketishwa ncha ya dawati, mbali na mlango ambako watoto hupita wakisukumana. Wa pili hupewa kazi zinazoutumikisha mwili, kama kubeba rundo la madaftari au kusaidia kusogeza benchi, kabla ya kipindi cha kuketi.