Ruta isiyo na kinga ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni

WENYE vibanda vya huduma za intaneti mjini Kisumu, kuanzia Kondele hadi barabara ya Oginga Odinga, hutumia fedha nyingi kuweka vyuma madirishani na kufuli mlangoni. Lakini kisanduku kidogo kinachosambaza intaneti bila waya, yaani ruta, mara nyingi huachwa kilivyotoka dukani.

Uzembe huo unaweza kuwagharimu wengi. Katika vibanda hivyo, wananchi huacha nakala za vitambulisho na kufungua akaunti zao za eCitizen na iTax. Anayefaulu kuingia katika ruta hahitaji kuvunja mlango ili azikaribie tarakilishi zenye siri hizo.

Ruta hukipa kila chombo anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, ilhali vyombo vyote huonekana nje kwa anwani moja. Mpango huu humzuia mtu wa nje asivifikie vyombo moja kwa moja. Hata hivyo, mawimbi ya ruta hupenya kuta hadi barabarani, na aliyeunganishwa nayo huhesabiwa kuwa mtu wa ndani.

Ndiyo maana mawasiliano hugeuzwa kuwa fumbo. Mbinu ya kwanza, WEP, ilibainika kuwa dhaifu mwaka wa 2001. Ilifuatwa na WPA mwaka wa 2003, WPA2 mwaka wa 2004 na WPA3 mwaka wa 2018. Chagua WPA3, au WPA2 ikiwa vyombo vyako ni vya zamani, kisha uweke nywila ndefu isiyo jina la duka wala nambari ya simu.

Zima pia huduma ya WPS, inayounganisha vyombo kwa nambari ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 ilifichuliwa kwamba ruta huikagua nambari hiyo kwa vipande viwili, hivyo mdukuzi huhitaji kubahatisha mara 11,000 hivi tu badala ya mamilioni.

Ipo nywila nyingine ambayo wengi huisahau: ile ya kufungulia mipangilio ya ruta yenyewe. Ikibaki ile ya kiwandani, mhalifu anaweza kubadilisha anwani ambazo ruta hutumia kutafuta tovuti. Mteja ataandika jina sahihi la benki yake, kisha apelekwe kwenye ukurasa bandia.

Kwa hoteli za Dunga au Mbita zinazopokea wageni, ruta nyingi zina uwezo wa kutenga mtandao wa wageni. Mgeni hupata intaneti bila kuziona tarakilishi za ofisini. Ni muhimu vilevile kusasisha programu ya ruta, kwa kuwa watengenezaji huziba humo mianya mipya inayogunduliwa.

Hatari nyingine hutoka angani. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mawingu yakitanda, chomoa waya wa umeme pamoja na ule unaoleta intaneti, kwani radi hupitia kokote.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta humtoza anayeingia katika mfumo bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nayo sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Kwa hivyo mwenye kibanda hawezi kumtupia mdukuzi lawama yote.

Mipangilio hii huchukua dakika chache, na ruta nyingi huja nayo bila malipo ya ziada. Usipoziba ufa utajenga ukuta.