Sekunde 5.6 za Kumtafutia Jina

Katika ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, kuhusu kifo kilichotokea mjini Tempe, Arizona, usiku wa Machi 18, 2018, kuna jedwali ambalo ukishalisoma halikutoki kichwani. Halina damu wala maneno ya majonzi. Upande mmoja ni muda, upande wa pili ni majina, na majina yote hayo amepewa mtu mmoja.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka 49. Saa nne kasoro dakika mbili usiku alikuwa akivuka Barabara ya Mill kwa miguu, akikokota baiskeli iliyotundikwa mifuko. Gari lililomgonga lilikuwa Volvo XC90 la kampuni ya Uber, likijiendesha lenyewe kwa majaribio, na kwenye kiti cha dereva alikaa mfanyakazi ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia tu, ashike usukani mambo yakiharibika. Dunia nzima ilizipata habari hizo, maana huyo ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kujulikana kuuawa na gari la aina hiyo. Jedwali, hata hivyo, limesomwa na wachache.

Linaanza sekunde 5.6 kabla ya kishindo. Gari liko kwenye mwendo wa kilomita 71 hivi kwa saa. Rada inanasa kitu mbele na kompyuta inakipa jina: gari. Sekunde 5.2, vihisi vya miali ya leza vinakiona, jina linabadilika: kitu kingine, kimesimama. Sekunde 4.2: gari, nalo limesimama. Halafu, kuanzia sekunde 3.9 hadi 2.7, kompyuta inayumba. Gari. Kitu kingine. Gari tena. Sekunde 2.6 inasema ni baiskeli, imesimama. Sekunde 2.5 ni baiskeli bado, ila sasa inadhaniwa inakwenda zake mbele katika njia ya kushoto, sambamba na Volvo, haina habari nayo. Sekunde 1.5 inarudi kuwa kitu kingine, safari hii kikiwa kimeingia nusu kwenye njia, na gari linapanga kukikwepa kwa upande wa kulia. Sekunde 1.2: baiskeli, ipo mbele kabisa, nafasi ya kukwepa imekwisha.

Ubaya haukuwa katika kubahatisha peke yake. Kila jina lilipobadilika, mfumo ulifuta kumbukumbu ya mahali kitu kile kilikotoka. Mwanamke alikuwa akitembea muda wote kutoka kushoto kwenda kulia, hatua kwa hatua, ila kwa kompyuta kila jina jipya lilimfanya mgeni aliyezuka papo hapo. Asiyekumbuka mtu alikuwa wapi nusu sekunde iliyopita hawezi kujua anaelekea wapi.

Kisha inakuja ile sekunde moja.

Wahandisi walikuwa wamechoshwa na magari yanayofunga breki ghafla kwa kuogopa vitu visivyokuwepo. Wakaweka kizuizi: hatari ya ghafla ikigunduliwa, gari lisubiri sekunde nzima huku likihakikisha. Hata ikipita, kama breki zilizoruhusiwa hazitoshi kuepusha mgongano, lipige king'ora na kupunguza mwendo taratibu. Basi kutoka sekunde 1.2 hadi 0.2 Volvo lilisonga mbele bila kufunga breki za dharura, likijua. King'ora kililia kwenye sekunde 0.2. Mfanyakazi alishika usukani zikiwa zimebaki sehemu mbili za mia za sekunde. Gari lilimpiga mama yule likiwa kwenye kilomita 63 kwa saa, na breki zikakanyagwa baada ya hapo.

Katika majina yote yale, moja halikuwahi kutokea: mtu. Programu haikuundwa kufikiria kwamba mtembea kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Mkazi wa Mbagala au Gongo la Mboto, Dar es Salaam, anayevuka barabara kila siku mahali ambapo zebra ya karibu iko kituo kinachofuata cha daladala, anaweza kucheka hapo, kicheko kisicho na furaha.

Aliyesimama mbele ya umma kulieleza jambo hili, Novemba 19, 2019 jijini Washington, alikuwa Robert Sumwalt, mwenyekiti wa NTSB wakati huo. Sumwalt si mtu wa magari. Alirusha ndege za abiria kwa miaka 24 kabla ya kuingia kwenye kazi ya uchunguzi, na urubani unasikika katika kila anachosema. Ndege ikianguka, mchunguzi haridhiki kuambiwa rubani alikosea. Anataka kujua nani alimpanga zamu, nani alimfundisha, nani aliona dalili mapema akanyamaza.

Ndivyo alivyoisoma ajali ya Tempe. Kwa maelezo yake, kugongwa kwa yule mwanamke kulikuwa kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu wa vitendo na maamuzi ya kampuni ambayo haikuuweka usalama mbele ya mengine yote. Akayataja. Uber haikuwa na mpango rasmi wa usalama. Breki za dharura ambazo Volvo yenyewe iliziweka kiwandani zilizimwa kila gari lilipojiendesha. Baadaye Volvo ilijaribu kwenye kompyuta hali 20 zinazofanana na ile, na katika 17 breki hizo zingeepusha mgongano kabisa. Hadi vuli ya 2017 kila gari lilikuwa na watu wawili, kisha akabakizwa mmoja. Ndani ya gari kulikuwa na kamera za kumwangalia mfanyakazi, lakini wakubwa hawakuwa na mazoea ya kutazama picha zake.

Na mfanyakazi? Karibu theluthi moja ya muda wa safari ile macho yake yalikuwa chini, kwenye simu iliyokuwa ikionyesha kipindi cha televisheni. Sumwalt hakumfichia. NTSB iliandika wazi kwamba sababu ya uwezekano mkubwa wa ajali ni yeye kutotazama barabara. Ila rubani huyu wa zamani anajua jambo ambalo marubani walijifunza kwa gharama: ukimkalisha binadamu mbele ya mashine inayofanya kazi yake vizuri saa nyingi mfululizo, atazubaa. Kwenye ndege jambo hilo linajulikana kwa miongo. Aliyemkalisha pale peke yake usiku, akizunguka njia ileile, alipaswa kulijua.

Marehemu naye hakuachwa nje. Ripoti inasema alivuka nje ya kivuko na vipimo vilionyesha dawa za kulevya mwilini. Kivuko cha karibu kilikuwa mita 110 hivi kutoka pale. Lakini palepale alipoanzia, kwenye kitenganishi cha katikati ya barabara, jiji lilikuwa limetandaza njia nzuri ya matofali, halafu likasimamisha kibao cha kuwakataza watu kuvuka. Miguu ya mtu, usiku, itii tofali au kibao? Ripoti haikulimaliza swali hilo.

Inafaa kukumbuka jinsi hukumu ya kwanza ilivyotoka haraka. Siku moja baada ya kifo, mkuu wa polisi wa Tempe aliliambia gazeti la San Francisco Chronicle kwamba kwa dalili za awali huenda Uber isiwe na kosa, kwa kuwa mwanamke alitokea gizani. Miezi mitatu baadaye polisi haohao waliandika kwamba ajali ingeepukika kabisa kama aliyeketi kwenye usukani angekuwa anaangalia mbele. Mwenda kwa baiskeli, au mkokota baiskeli, hulaumiwa kabla mwili haujapoa. Hayupo kujieleza.

Siku ile ya Novemba, Sumwalt aliikataa habari iliyokuwa ikitungwa kwamba hii ni Uber na mfanyakazi wake tu. Aliwaambia wanaojaribu magari hayo barabarani kwamba ajali ile inawahusu. Akawaambia wanaotumia barabara hizo kwamba inawahusu. Na wale wa serikalini pia. Jimbo la Arizona liliyakaribisha majaribio kwa mikono miwili, usimamizi ukiwa haba, nalo likatajwa kwenye ripoti.

Uber ilirudi barabarani mjini Pittsburgh Desemba 2018. Safari hii kulikuwa na watu wawili ndani ya gari, breki za Volvo zikiwa zimewashwa, ile sekunde ya kusubiri ikiwa imeondolewa, na programu ikiwa imefundishwa kwamba watu huvuka popote. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji uvumbuzi mpya. Mwisho wa 2020 kampuni iliuza kitengo chake cha magari yanayojiendesha.

Kwa mujibu wa sheria ya Marekani, matokeo ya NTSB hayatumiki kama ushahidi katika kesi ya madai. Bodi inatafuta chanzo. Kutoa hatia ni kazi ya wengine. Familia ilifikia maridhiano na Uber ndani ya wiki mbili, kiasi hakikutangazwa. Machi 2019 mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Yavapai aliandika kwamba hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka uliofuata mfanyakazi alishtakiwa kwa kuua kwa uzembe, na Julai 2023 akakiri kosa dogo zaidi, la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3.

NTSB iliwataja wanne: mfanyakazi, kampuni, marehemu na jimbo. Aliyesimama kizimbani kwa jinai ni mfanyakazi peke yake.